Mlima Huu wa Nani?

Ndege nzima, yenye injini zinazonguruma vizuri na rubani mwenye akili timamu, inapogonga mlima, swali la kwanza la wachunguzi huwa ni la kimo. La pili ni gumu zaidi: nani alipaswa kuuangalia mlima huo, aliyekuwa angani au aliyekuwa ardhini na kipaza sauti mkononi? Jibu lililomo katika vitabu vya sheria leo lilichukua zaidi ya miaka 40 kuandikwa, na sehemu kubwa yake ilitokana na asubuhi moja ya mvua na upepo katika jimbo la Virginia, Marekani.

1935–1958: Vibao juu ya ramani

Tarehe 1 Desemba 1935, katika uwanja wa ndege wa Newark, jirani na New York, kampuni kadhaa za ndege zilifungua chumba cha pamoja cha kuongozea ndege. Hakukuwa na rada. Kulikuwa na simu, ubao, na ramani mezani yenye vibao vidogo vilivyosogezwa kwa mkono kufuatana na makadirio ya mahali kila ndege ilipofika. Waongoza ndege hao wa kwanza hawakuzungumza hata na marubani moja kwa moja. Ujumbe wao ulipitia kwa makarani wa kampuni waliokuwa na redio. Mwaka uliofuata serikali ikaichukua kazi hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa moja: kuzuia ndege zisigongane mawinguni. Mlima haukuwamo, na kwa sababu nzuri. Mtu aliyeketi Newark akisukuma kibao mezani asingeweza kujua ndege iko futi ngapi juu ya miti. Altimita ilikuwa mbele ya rubani, chati ilikuwa mapajani mwake, na macho yalikuwa yake.

Ajali iliyokuja kubadilisha shirika zima la kuongoza ndege nchini Marekani haikuhusu mlima pia, ingawa ilitokea juu ya mabonde na majabali ya Grand Canyon. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria, ya TWA na ya United, ziligongana huko na kuua watu wote 128 waliokuwamo. Miaka miwili baadaye serikali iliunda mamlaka mpya ya anga, FAA, ikamwaga fedha kwenye rada. Kila mtambo uliosimikwa ulikuwa na lengo lilelile la Newark: ndege na ndege.

Afrika Mashariki ilikuwa na hesabu nyingine. Hapa ndege hazikuwa nyingi kiasi cha kugongana ovyo, lakini milima ilikuwapo njiani. Mei 1955 Dakota ya East African Airways, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliigonga Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Mlima wa mita 5,895 unaonekana kutoka mbali siku ya jua. Siku ya mawingu, umbali wake unabaki kwenye hesabu za rubani tu. Sheria ya wakati ule haikuwa na utata wowote kuhusu nani alipaswa kuupiga hesabu.

1972: Futi 900 kwenye kioo

Mambo yalianza kuchanganyika pale rada ilipojifunza kusoma kimo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, vioo vya rada katika viwanja vikubwa vya Marekani vilionyesha, kando ya alama ya ndege, tarakimu za kimo chake zilizotumwa na ndege yenyewe. Kwa mara ya kwanza mtu wa ardhini aliweza kuona kitu ambacho pengine rubani mwenyewe hakukiona.

Usiku wa 29 Desemba 1972, Lockheed TriStar ya Eastern ilikuwa ikizunguka magharibi ya Miami kwa kimo cha futi 2,000. Taa ya gurudumu la mbele haikuwaka, na marubani wote wakawa wameinamia taa hiyo. Mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe ukaacha kushikilia kimo bila yeyote kutambua, na ndege ikaanza kuteremka polepole juu ya vinamasi vya Everglades, mahali pasipo hata taa moja ya nyumba.

Mwongoza ndege aliona kwenye kioo chake futi 900. Akauliza mambo yanakwendaje huko. Wakamjibu kwamba wangependa kugeuka warudi; akawaruhusu. Muda mfupi baadaye ndege ilipiga kinamasi. Kati ya watu 176 waliokuwamo, 101 walikufa.

Ni rahisi kumlaumu mtu huyo, lakini ingekuwa kumwonea. Alieleza kwamba tarakimu za kimo ziliwahi kuruka na kusoma uongo kwa sekunde chache, na kwamba hakuona dalili ya hatari. Zaidi ya hapo, hakuna kifungu kilichomtaka aseme lolote. Aliiona ardhi ikikaribia, na ardhi haikuwa kazi yake. Wachunguzi waliiona kasoro hiyo, na kutokana na ajali hii FAA ikaanza kutengeneza programu ya kompyuta ambayo ingelinganisha kimo cha kila ndege na ramani ya milima, kisha kupiga kelele kwenye chumba cha rada pale ndege inaposhuka kupita kiasi. Ilipewa jina la MSAW.

Septemba 1974: Futi 5,000 Nairobi

Kabla programu hiyo haijaenea, Nairobi iliponea chupuchupu. Uwanja wa Embakasi, unaoitwa leo Jomo Kenyatta, uko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuelekea huko. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500, yaani saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri, wakaitega ndege ishuke hadi futi 5,000.

Tafakari tarakimu hiyo kidogo. Ni zaidi ya futi 300 chini ya barabara yenyewe ya kutulia. Ndege ilikuwa imeamriwa, kwa utaratibu mzuri na kwa sauti tulivu, ijichimbie ardhini. Marubani hawakushtuka, na kosa halikunaswa redioni.

Ilipochomoza chini ya mawingu, ardhi ilikuwa papo hapo. Marubani waliivuta ikapanda, lakini si kabla ya kufika takriban futi 70 kutoka chini. Mkia wa 747 peke yake una kimo cha zaidi ya futi 60. Hakuna aliyeumia, na labda ndiyo maana kisa hiki hakitajwi sana, ingawa kina kila kitu kilichokuja kuua watu miezi mitatu baadaye: kibali kilichotolewa kwa nia njema, rubani aliyekiamini, na ardhi isiyoulizwa.

1 Desemba 1974: Mount Weather

Ilikuwa Jumapili, miaka 39 kamili tangu chumba cha Newark kifunguliwe. Boeing 727 ya TWA, safari namba 514, ilitoka Indianapolis kupitia Columbus ikielekea uwanja wa National jijini Washington. Upepo wa pembeni ulikuwa mkali mno huko, ikaelekezwa Dulles, upande wa magharibi. Ndani yake walikuwa abiria 85 na wahudumu na marubani 7.

Ikiwa katika kimo cha futi 7,000 na umbali wa maili 44 kutoka uwanjani, ilipata kibali cha kuanza utaratibu wa kutua katika barabara namba 12. Mwongoza ndege hakutaja kimo chochote, na katika pengo hilo watu 92 walipotea.

Marubani waliitazama chati. Mchoro wa kutua ulionyesha futi 1,800 kama kimo cha kuanzia hatua ya mwisho, wakaanza kushuka kukifuata. Kinasa sauti kilihifadhi mazungumzo yao, na ukiyasoma unaona kwamba hawakuwa wazembe. Nahodha mwenyewe aliona kwamba kwenye chati hiyohiyo kuna kipande kinachotaka ndege isishuke chini ya futi 3,400 hadi ipite alama iitwayo Round Hill. Akalisema jambo hilo kwa sauti. Wakalijadili. Mwishowe wakaafikiana na tafsiri iliyokuwa imezoeleka kwa marubani wengi wa siku zile: mtu wa rada akikupa kibali cha kutua, maana yake amekwisha kuona kwamba njia yako ni salama, na uko huru kushuka hadi kimo cha kuanzia.

Upande wa pili wa redio, mwongoza ndege alikuwa na tafsiri yake. Kwa ufahamu wake, na kwa ufahamu wa kitabu alichofundishwa, ndege hiyo haikuwa chini ya uelekezaji wake wa rada wakati ule. Ilikuwa ikijiendea yenyewe kwa kufuata vyombo vyake, na rubani ndiye aliyepaswa kuchagua kimo kinachofaa hadi aingie katika njia iliyochapishwa.

Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anauangalia mlima.

Saa 5:09 asubuhi kwa saa za huko, ndege ilipiga ukingo wa magharibi wa Mount Weather, futi 1,670 hivi juu ya usawa wa bahari, kukiwa na mvua na mawingu mazito. Hakuna aliyenusurika. Ajali ilifichua pia siri nyingine isiyohusiana kabisa na marubani: juu ya mlima huo kulikuwa na handaki la serikali ya Marekani lililotayarishwa kwa ajili ya vita vya nyuklia, na waandishi wa habari waliofuata mabaki ya ndege walijikuta wakiandika habari za uzio na walinzi.

1975: Watatu kwa wawili

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichukua karibu mwaka mzima, kisha ikagawanyika. Wajumbe watatu walisema chanzo ni uamuzi wa marubani kushuka kabla ya kufika mahali ambapo kimo hicho kiliruhusiwa, ingawa walikiri kwamba taratibu za waongoza ndege zilikuwa na mapungufu na zimeleta mkanganyiko. Wawili walikataa. Kwao, kosa lilianzia kwa mwongoza ndege aliyetoa kibali bila kuweka mpaka wa kimo.

Ukisoma pande zote mbili, huoni aliyekosea kusoma sheria. Lililokosewa ni la zamani zaidi. Rada ilikuwa imemfanya rubani ahisi kwamba kuna jicho juu yake, nayo sheria ilikuwa bado ile ya vibao vya Newark. Kwa miaka mingi FAA, kampuni na vyama vya marubani walikuwa wakiandikiana kuhusu maana ya maneno ya kibali hicho, bila kuafikiana.

Kibaya zaidi, mlima ulikwisha kutoa onyo. Wiki sita kabla ya ajali, ndege ya United ilipata kibali cha aina hiyohiyo kwa kiwanja hichohicho, ikakielewa vilevile, na ikaupita ukingo uleule kwa nafasi finyu sana. Marubani wake waliripoti kwa kampuni yao, na kampuni ikawaonya marubani wake. Taarifa ikaishia hapo. Hakukuwa na mlango wa kuipeleka TWA.

Mlango huo ukafunguliwa. Mwaka 1976 shirika la anga za juu la NASA lilianza kupokea taarifa za siri kutoka kwa marubani na waongoza ndege kuhusu makosa na hatari walizokutana nazo. NASA ilichaguliwa kwa sababu haina mamlaka ya kumfungia mtu leseni, tofauti na FAA. Jina la aliyeripoti huondolewa, kisa kikabaki. Hadi leo hazina hiyo inakua, na nchi nyingine zimeiga.

Sheria nayo ikaandikwa upya. Rubani anayeelekezwa kwa rada, au anayeruka nje ya njia iliyochapishwa, anapopata kibali cha kutua, lazima ashikilie kimo cha mwisho alichopewa hadi aingie katika kipande cha njia chenye kimo kwenye chati. Mwongoza ndege kwa upande wake lazima ataje kimo cha kushikilia mpaka hapo. Laiti sentensi hizo mbili zingekuwapo, safari ya 514 isingeshuka chini ya futi 7,000 mapema namna ile.

Mwezi huohuo wa ajali, FAA iliamuru ndege kubwa za abiria zifungwe kifaa cha kuonya ukaribu wa ardhi, zikapewa mwaka mmoja. Baba wa kifaa hicho ni Don Bateman, mhandisi mzaliwa wa Kanada aliyekuwa ameumizwa na mfululizo wa ajali za aina hii, mojawapo ile ya Alaska Airlines karibu na Juneau mwaka 1971 iliyoua watu 111. Kifaa chake kilitumia mawimbi ya redio kupima umbali wa moja kwa moja hadi chini, na ardhi ikipanda haraka mno kilimwamuru rubani avute juu. Ajali za ndege kubwa kugonga ardhi zikapungua sana. Lakini kifaa kilikuwa kikitazama chini tu. Jabali likisimama wima mbele, onyo lilikuja likiwa limechelewa.

1995–1997: Cali, Guam, Medan

Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa ikishuka usiku kwenda Cali, Colombia, katikati ya safu mbili za Andes. Rada ya Cali ilikuwa imelipuliwa na waasi miaka mitatu kabla. Marubani waliingiza kwenye kompyuta herufi R wakidhani ni alama ya Rozo iliyo mbele yao. Kompyuta ikachagua alama ya Romeo, karibu na Bogotá, na ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani.

Mwongoza ndege alikuwa na wasiwasi. Maombi waliyomletea hayakulingana na mahali walipodai kuwapo. Baadaye aliwaambia wachunguzi kwamba kama marubani wangekuwa wanazungumza Kihispania, angewahoji zaidi. Kiingereza chake kilitosha kwa ibara za kawaida za kazi, si kwa kumwambia mtu kwamba maneno yake hayaeleweki. Kifaa cha Bateman kililia sekunde kumi na kitu kabla ya mlima. Marubani walivuta, lakini breki za mabawani walizozifungua ili kushuka haraka zilibaki wazi. Walikufa 159, wanne walinusurika.

Bateman alikuwa tayari na jibu. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, timu yake ilinunua data za ramani za milima zilizokuwa siri za kijeshi, ikazijaza katika kifaa kipya kinachojua mahali ndege ilipo na kinachotazama mbele, si chini peke yake. Kilianza kuingia katika ndege mwaka 1996.

Ndege ya Korean Air iliyogonga kilima cha Nimitz huko Guam tarehe 6 Agosti 1997 haikuwa nacho. Ilikuwa usiku, mvua ilinyesha, na mtambo wa kuonyesha mteremko wa kutua ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Walikufa 228 kati ya 254. Guam ni ardhi ya Marekani, na MSAW ilikuwapo. Lakini ilikuwa imerekebishwa ili isisumbue kwa kelele za uongo, na katika kurekebishwa huko ilizibwa isitoe onyo karibu kote ndani ya maili 54 kutoka kwenye rada. Kengele iliyozaliwa na vinamasi vya Miami ilikuwapo, imefungwa mdomo.

Wiki saba baadaye, moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua ulikuwa umefunika Medan, Indonesia. Airbus ya Garuda ilikuwa chini ya uelekezaji kamili wa rada, hali ambayo sheria za kimataifa zinamkabidhi mwongoza ndege jukumu la mlima. Mwongoza ndege alitaja namba ya ndege nyingine, kisha akachanganya kulia na kushoto, na marubani wakabaki wakiuliza wageuke wapi. Watu wote 234 walikufa. Ndiyo ajali ya ndege mbaya kuliko zote katika historia ya nchi hiyo.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeligawa jukumu hilo kwa namna inayoonyesha makovu yote haya. Kazi ya kuongoza ndege, kwa msingi wake, haihusishi kuzuia ndege isigonge ardhi. Hiyo ni ya rubani. Inahamia kwa mwongoza ndege pale tu anapoielekeza ndege kwa rada au kuitoa katika njia yake iliyochapishwa. Hata kengele ya MSAW inapolia, maagizo ni mawili tofauti: kama unaielekeza ndege, iamuru ipande mara moja, kama huielekezi, mjulishe rubani na umwambie akague kimo chake.

Tangu 2003: Panapobaki macho

Hata sasa pande zote mbili zinaweza kunyamaza kwa pamoja. Mei 2012 Sukhoi mpya kabisa ilipaa kutoka Jakarta ikiwa na wageni na wateja, jumla watu 45. Nahodha aliomba kushuka hadi futi 6,000, akaruhusiwa, jirani na Mlima Salak wenye zaidi ya futi 7,000. Kifaa cha kisasa kilimwonya sekunde 38 kabla. Akakizima, akidhani ramani yake ina kasoro. Kwenye chumba cha rada, wachunguzi waligundua, mfumo haukuwa na onyo linalofanya kazi kwa eneo la mlima huo. Hakuna aliyepona.

Kenya nayo imeshuhudia vifo kwa sababu za karibu na hizo, mara nyingi katika ndege ndogo. Julai 2003 ndege ya kukodi kutoka Nairobi kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana na kuua watu 14, wengi wao Wamarekani wa ukoo mmoja. Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Anga ilianguka kwenye mlima Marsabit katika hali mbaya ya hewa ikiwa na ujumbe wa amani. Watu 14 kati ya 17 walikufa, wakiwamo wabunge. Juni 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare, nayo ikaua wote 10. Iliwachukua watafutaji siku mbili kuyafikia mabaki.

Ndege nyingi za namna hii hurushwa kwa sheria za kuona kwa macho. Chini ya sheria hizo rubani hukaa nje ya mawingu na kuiepuka ardhi mwenyewe, na wala Newark, Virginia wala Guam havijaugusa mpangilio huo.